Vidonge vya Nywele na Barua ya Rafiki

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya kumi na moja ya vidonge vya nywele. Utosini pameota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Nimefurahi kwa dakika mbili. Huku chini, hata hivyo, kimya. Wiki tatu sasa. Mke wangu hajui habari za vidonge. Nimevificha ndani ya kopo la rangi ya viatu. Ndoa ina miezi saba tu. Leo ameniuliza kama naumwa. Nikasema kazi nyingi. Akataka kujua tangu lini karani wa masijala akazidiwa na kazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma karatasi ya maelezo iliyokuja na vidonge. Ingefaa kuisoma kabla. Ukurasa wa pili, kwa herufi za sisimizi: hamu huweza kupungua, nguvu pia. Kwa wanaume wachache hali huendelea hata baada ya kuacha dawa. Huendelea hadi lini? Haisemi. Nimeirudia sentensi hiyo mara nane. Jasho.

Mpango: kumwandikia daktari bila kutaja jina, kwa niaba ya rafiki.

Jumatano, 5 Machi

Barua safi kabisa. Aya tatu, zote za rafiki. Nimeiandika kazini saa ya chai na kuipeleka zahanati kwa mkono. Nimerudi mwepesi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha! Miaka minne sijatoa barua bila namba ya kumbukumbu na nakala ya faili. Mkono umezoea. Barua ya rafiki nimeipa namba, sahihi yangu ikakaa chini, na nakala nikaipachika kwenye faili la Matengenezo ya Jengo. Faili limekwenda kwa mkuu. Limepitia kwa Msitu, karani mwenzangu, anayeitwa hivyo kwa sababu nywele zake zinaanzia karibu na nyusi. Mchana kutwa ananiuliza rafiki anaendeleaje.

Mkuu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nimesoma. Rafiki aende kwa daktari mwenyewe, kesho, kwa ruhusa."

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda. Daktari amesema niache vidonge. Wengi hurudi sawa baada ya wiki au miezi. Wachache hawarudi upesi, na wapo ambao hali hubaki. Mimi ni yupi? Hawezi kuahidi. Nikamwomba makadirio kwa maandishi. Akakataa. Akasema nimweleze mke wangu leo hii. Nikaahidi kutafuta wasaa.

Jumapili, 9 Machi

Wasaa umenitafuta mimi. Nimetoka kuoga nikakuta mke wangu amefunga begi. Akapanga ushahidi: sibanduki kwenye kioo, kuna kitu naficha, simgusi. Kwa hiyo nina mwanamke. Mpangilio mzuri, angefaa masijala. Nikaleta kopo. Nikaeleza yote, hadi wino mwekundu wa mkuu. Akalifungua kopo, akavitazama vidonge.

"Yaani mwenzangu, kila siku najikagua nina kasoro gani, kumbe wewe unalea nywele?"

Nikasema nilitaka apate mume wa kupendeza.

"Nilikuwa naye. Hukuniuliza."

Alikuwa analia. Sikujua pa kuweka mikono. Kisha akafungua begi, akatupa vidonge, akaniapisha. Akasema hali ikibaki hivi tutaibeba wawili, lakini siri nyingine hataibeba. Nikaapa kwa moyo wote.

Jumapili, 30 Machi

Nimerudi! Si kikamilifu, lakini daktari alisema subira. Sitaeleza zaidi. Mke wangu yuko jikoni anaimba.

Tatizo ni mto. Asubuhi hii umejaa nywele, na juzi Msitu aliniambia paa langu linahitaji fundi. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila hofu. Kosa halikuwa dawa, lilikuwa kipimo. Nimenunua pakiti mpya na wembe mkali, na nitakuwa nakata kila kimoja katikati. Niliapa kutomeza vidonge. Nusu si kidonge. Daktari sikumuuliza, maana watu hawa hawapendi kubuni. Mke wangu nitamwambia siku nyingine. Wiki hii ana furaha sana, si vizuri kumsumbua kwa mambo madogo.