Kochi la Mgeni wa Angani

Jumapili, 4 Agosti

Misa ya kwanza. Sikusali vizuri, Mungu anisamehe. Paroko ametangaza mambo mawili kwa mpigo na kichwa changu hakijatulia hadi sasa. La kwanza: mwisho wa mwezi Askofu anakuja kutoa kipaimara, na kanisa letu halina kiti cha kumfaa. La pili: Jumamosi, kwenye fainali ya kugombea ng'ombe hapa uwanjani Kilosa, kuna dada atashuka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege, kaukumbatia mpira wa mechi.

Kiti cha Askofu! Mimi ni fundi makochi. Nusu ya mji huu wanakalia kazi ya mikono yangu. Nikamkimbilia Paroko mlangoni, nikakuta Herman keshafika. Herman! Mtu wa kukodisha viti vya plastiki na maturubai, lini amekuwa fundi? Anasema anacho kiti cha kuchonga kutoka Morogoro, kina kichwa cha simba kila mkono. Nikauliza kama Askofu anakuja kipaimara au anakuja kuwinda. Watu wakacheka. Paroko pia alicheka, nilimwona.

Paroko akasema sote wawili tumo kwenye kamati ya mapokezi ya fainali. Basi atatutazama Jumamosi. Atakayeonyesha kwamba anajua kupokea mgeni, huyo ndiye atakayemkalisha Askofu.

Herman amekwisha.

Usiku wote nawaza. Mgeni wa gari unamfungulia mlango. Mgeni wa treni unampokea mzigo. Huyu wa angani hana mlango, na mzigo kaufunga mgongoni. Anapokelewaje? Nimemuuliza Mama Upendo. Kasema nimpishe tu ashuke. Mke wangu ni mcha Mungu lakini mambo ya mapokezi hayajui.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimekwenda Mikumi, alikofikia mrukaji. Nilitegemea jitu la miraba minne. Nikakuta binti mdogo wa umbo, ana miwani, anakula ugali kwa mlenda. Jenipher. Akaacha kula, akasema shikamoo baba. Kumbe mtoto wa Kimamba! Babu yake alikata mkonge. Nikaona mambo yamenyooka.

Mambo aliyonieleza nayaandika kama yalivyo, huenda kesho nikayaelewa.

Kwamba uwanja wa mpira haumpendezi. Una jukwaa, magoli, milingoti, nyaya, na watu. Afadhali shamba. (Sasa kaja kufanya nini?) Kwamba upepo ukizidi kiasi walichojiwekea warukaji, haruki. Nikauliza, hata kama Mheshimiwa mgeni rasmi ameshaketi? Akasema hata kama Mheshimiwa amesimama. Kwamba makofi yamevunja miguu mingi kuliko upepo, maana mtu akishangiliwa anaona haya kughairi. Kwamba lazima pawe na uwanja wa pili, ule wa shule, mtupu, ili akiona huku hapafai ageuze aende huko. Na anaamua mapema, bado yuko juu. Akingoja mpaka chini, amechelewa.

Hapo ndipo nilipokwama. Mgeni gani anaandaliwa nyumba mbili, halafu anaamua njiani aingie ipi? Kwetu hiyo ni dharau. Nikatabasamu tu.

Mwisho akasema katikati ya uwanja utachorwa duara la chokaa, na ndani ya duara asiwepo mtu wala kitu. Nikamuuliza, hata kiti? Akacheka. Hata kiti, baba yangu, usijisumbue.

Nakwambia wewe tu, shajara, maana husemi: machozi yalinilenga. Malezi hayo! Mgeni mwenye adabu ndivyo anavyosema. "Usijisumbue." "Nimekaa, asante." "Nimeshakula." Na mwenyeji mwenye adabu anafanya nini? Anasisitiza! Angekuwa mtu ovyo angesema leteni viwili.

Nimerudi Kilosa najua la kufanya. Kochi. Katikati ya duara. Atoke mawinguni aketi, mbele ya Mheshimiwa, mbele ya Paroko, mbele ya Herman.

Jumatano, 7 Agosti

Kochi linakwenda vizuri. La mtu mmoja, fremu ya mninga, sponji nene, velveti ya kahawia. Nimelipima kwa kujirusha kutoka kwenye stuli. Halijalia. Mguu wa stuli ndio umevunjika, na kiuno changu kidogo.

Jioni kikao cha kamati. Aliyekuja na Jenipher anaitwa Valentino. Yeye harukagi, anabaki chini na redio koli, anatazama upepo. Kijana mwenye wasiwasi sana. Akasema anahitaji mtu wa kuaminika akakae uwanja wa shule Jumamosi, kuzuia mbuzi na watoto, na kuhakikisha hakiwekwi chochote. Nani akose fainali akachunge nyasi?

Roho akanishukia. Nikasimama nikasema kwa moyo wangu wote kwamba hapa Kilosa mtu wa kuaminika ni mmoja, na ni Herman. Wote wakapiga makofi. Herman alibadilika rangi. Akasema asante Fundi Casmir, asante sana. Nikasema usijali ndugu yangu katika Kristo.

Mama Upendo kaniuliza mbona naimba pambio nikiwa naoga.

Ijumaa, 9 Agosti

Valentino ametutesa. Kaondoa bendera zote tulizotundika. Kamba za bendera zinanasa mwavuli, anasema. Kaulizia kila waya unapopita. Kachora duara la chokaa, kubwa. Sisi tukadhani amemaliza, akaliingia kutafuta mawe, kokoto moja moja, akaziweka mfukoni. Kisha akasimama akatangaza tena: ndani ya duara hapaingii mtu, kuku, wala ndoo.

Kochi hakulitaja. Nimesikiliza kwa makini.

Tatizo: Valentino ana macho. Kochi litaingiaje? Nimekwenda kwa Mzee Kondo mwenye guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza. Akaniuliza kama huyo dada anajua kwamba anakuja kukalia kochi. Nikasema ni la kushtukiza. Akasema yeye kwenye dini yake hajazuiwa kubeba kochi, lakini upumbavu wa Wakristo amekuwa akiubeba bure muda mrefu. Mtani wangu huyo. Amekubali.

Na Mungu akanipa njia hapohapo. Ndege ikipita, wote watatazama juu. Wote! Hata Valentino. Nani atatazama chini?

Mama Upendo anasema nikamuulize Valentino kwanza. Nimemweleza kwamba ukiuliza si ya kushtukiza tena. Akachukua rozari yake akaenda kukaa nje. Kitambaa cha kufuma cha kuweka kwenye kichwa cha kochi amekataa kutoa. Nimekichukua mwenyewe kwenye kabati.

Jumamosi, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyohivyo.

Uwanja ulijaa. Upepo mdogo. Mheshimiwa kaketi, Paroko pembeni yake. Herman yuko kwake shuleni na mbuzi. Mimi na Mzee Kondo nyuma ya goli, kochi kwenye guta limefunikwa turubai.

Ndege ikasikika. Shingo zote juu! Nikasema Bismi... hapana, hiyo alisema Mzee Kondo. Mimi nilifanya ishara ya msalaba. Tukasukuma. Watu maelfu na hakuna hata mmoja aliyetuona. Tukaliteremsha katikati kabisa ya duara. Nikaweka kitambaa. Nikalipuliza vumbi. Mzee Kondo akaondoka na guta kwa mwendo ambao sijapata kuuona kwake. Mimi nikasimama kando ya kochi, mkono mmoja umelielekeza, kama wanavyofanya mahotelini.

Juu, kidoa. Kisha mwavuli ukafunguka, mwekundu na mweupe. Umati ukaunguruma. Alikuwa mbali bado, mdogo kama kipepeo. Anakuja kwangu. Anakuja kwangu!

Ndipo nikamsikia Valentino. Kashusha darubini. Alikuwa anakimbia huku anapiga kelele kwenye redio, na mimi ananiita majina ambayo Jumapili hayaitwi. Toa! Toa hilo! Nikamwambia ni kochi. Akashika mkono mmoja wa kochi, nami mwingine. Akavuta. Nikavuta. Nikamwambia taratibu kijana, velveti hiyo. Akaniambia, "Mzee, unataka avunjike mgongo nani, yeye au wewe?" Sikuelewa swali. Hata sasa. Pale hapakuwa na kitu cha kuvunja mtu mgongo. Sponji ile!

Nilipotazama juu tena, mwavuli ulikuwa umegeuka. Nikapunga mkono. Nikapiga kelele huku, mwanangu, huku! Uwanja mzima ulikuwa unamwita. Hakuja. Akapita mbali nyuma ya jukwaa, juu ya mikaratusi, akashuka upande usioonekana.

Nikaanza Salamu Maria, nusu ya pili ikanipotea. Nilimfikiria akila mlenda. Nilifikiria kwamba ana mama. Nikakalia kochi.

Kisha kelele kutoka shuleni. Vigelegele! Yuko mzima!

Watu wakakimbia wote. Timu zote mbili. Mwamuzi. Paroko kashika kanzu mkononi. Hata ng'ombe wa zawadi alikata kamba akawafuata. Uwanjani tulibaki watatu: Mheshimiwa jukwaani, mlinzi wake, na mimi kwenye kochi. Mheshimiwa akaniuliza kwa mbali ratiba inasemaje. Nikamjibu Mheshimiwa, tunangoja mgeni.

Shuleni wanasema alitua kama jani. Herman alikuwa kafukuza mbuzi wote, hakuna hata kopo uwanjani. Alikuwa kakaa pembeni kabisa, nje, kwenye kiti chake cha plastiki. Akasimama, akangoja Jenipher akunje mwavuli, ndipo akampelekea kiti. Jenipher kakaa. Picha zimejaa kwenye simu za Kilosa nzima: Jenipher, mpira, Herman, kiti cha plastiki kimeandikwa HERMAN TENTS mgongoni.

Nani alimpeleka Herman pale? Sitaki kuandika.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya Misa, Jenipher mwenyewe kaja nyumbani kuaga. Mama Upendo kamkumbatia muda mrefu, wakalia wote wawili, sijui kwa nini. Nikamkaribisha kwenye kochi. Hatimaye! Akaketi. Akalipapasa. Akasema ni kochi zuri kuliko yote aliyowahi kukalia, na kwamba jana lingemuua.

Nikasema labda limezidi ulaini.

Akavua miwani akaifuta. Akanieleza pole pole, kama unavyomweleza mtoto wa chekechea. Kwamba anatua kwa mwendo, miguu mbele, na kwamba kitu chochote kwenye duara ni ukuta. Nikamuuliza sasa alijuaje. Akasema aliona kitu cha kahawia katikati, hakujua ni nini, na hakungoja kujua. Akageuza palepale. Umati ulikuwa unamwita, aliusikia, na ndiyo maana alijiwekea ahadi kabla hajapanda ndege kwamba hatafuata makofi. "Nililiona mapema, baba. Ningechelewa kuliona, nisingekwepa."

Nikamuuliza kama kanisamehe. Akasema alisamehe akiwa bado juu. Kisha akasema shikamoo tena, akaenda.

Mtoto mzuri sana. Nimemwombea.

Kisha Paroko. Kiti cha Askofu ni cha Herman. Simba na vyote. Nikamuuliza Baba, Herman kafanya nini? Akasema Herman kaambiwa aache uwanja mtupu, kauacha mtupu. Nikasema hata mbuzi angeweza hilo. Paroko akasema mbuzi walijaribu kuingia. Wewe pia.

Sijaelewa. Nimekaa karakana mpaka giza. Velveti ina alama za kucha za Valentino.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeamka mwepesi. Rozari nzima bila kukosea. Na mwisho wa rozari nikaelewa kila kitu!

Paroko alisema Herman atamkalisha Askofu kanisani. Kanisani. Je, njiani? Njiani hajapewa mtu! Nimeuliza ofisini kwa upole: Askofu anakuja kwa gari kutoka Morogoro, anapita Dumila, anaingia kwetu kupitia Rudewa. Huko ndiko miguu yake inaingia parokia yetu. Mwenyeji wa kweli anangoja kanisani, au anakwenda kumlaki mpakani?

Kochi. Pale Rudewa. Katikati ya barabara, gari lisimame, ateremke, aketi, anywe maji, aone velveti.

Na kosa la Jumamosi sasa nalijua, mwenyewe Jenipher kalisema kwa kinywa chake, Mungu ambariki. Kochi lilikuwa mahali peupe. Aliliona mapema, akakwepa. Mgeni akikiona kiti kwa mbali anapata muda wa kuona haya.

Kwa hiyo nimekwenda leo na baiskeli kutafuta mahali. Nimepata. Kuna kona kali, vichaka pande zote mbili, na mteremko kabla yake, magari yanakuja yameshika kasi. Mzee Kondo kakataa hata kusikia. Mama Upendo kaniambia anakwenda kwa Paroko sasa hivi, na katoka bila kanga ya juu. Nadhani anakwenda kuniombea radhi kwa yaliyopita.

Nitalibeba mwenyewe. Litakaa mara tu baada ya kona. Safari hii mgeni hataliona mpaka amelifikia.