Ghorofa la Ulimboka Laomba Kibali

Tangu Mungu ausimamishe Mlima Rungwe, Tukuyu haijaona jengo kama ghorofa la Ulimboka! Kasoro yake moja tu: lilikuwa bado karatasini.

Biashara ilikuwa imeachiwa huria. Ulimboka alipeleka ndizi Dar mara tatu, akarudi na miwani ya jua, ingawa Tukuyu jua lenyewe huja kwa mwaliko. Wachora ramani akawaita matapeli. Akachora mwenyewe, kwa kalamu za rangi! Jiwe la msingi lingewekwa Jumamosi pale Ibighi. Mchungaji kaalikwa, kwaya imealikwa, wakwe kutoka kijiji cha Lupepo ndio usiseme. Bila kibali, aibu hiyo angeificha wapi?

Ijumaa akatua ofisi ya ujenzi. Mama Felista, mkaguzi wa ramani, akaikunjua.

"Huyu huku juu ni nani?"

"Mimi, mama. Napunga mkono."

"Umepandaje? Ngazi sizioni."

Ulimboka akavua miwani. Mwe! Kweli hazikuwepo.

"Vipimo?"

"Andika tu kubwa, mama."

"Mpaka wa kiwanja? Maji ya mvua yanaelekea wapi?"

"Kwa jirani!"

"Na choo?"

Ulimboka akakitembeza kidole chumba kwa chumba. Dishi la televisheni lilikuwepo. Gari aina ya Pijo lilikuwepo, na namba zake. Vyumba kumi na viwili, choo hakuna!

"Nihurumie, mama," akasema, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Kesho wakwe wanakuja."

Mama Felista akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na mchoro mwingine, wa penseli: mshale wa kaskazini, kipimo cha kila ukuta, umbali kutoka mpakani, mteremko wa paa, mtaro, hata shimo la samadi.

"Huu kachora nani?"

"Mke wangu, Tusekile. Karatasi niliikwapua mezani kwake. Upuuzi tu huo, usi..."

Puu! Muhuri ukatua.

"Huu umekamilika. Kibali chenu hiki hapa."

Ulimboka akakitia mfukoni bila kukisoma, akatoka mbio.

Jumamosi kwaya ikaimba kwa sauti nne, mchungaji akaliombea jiwe, mama mkwe akapiga vigelegele. Kisha baba mkwe akasoma kibali kwa sauti, polepole, asimwonee mtu haya:

"Banda la ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwenye jengo: Tusekile."

Ulimboka alitamani ardhi ipasuke. Mzee akamtazama kwa huruma ya kweli, akamkabidhi sururu.

"Ndaga, baba, pole sana. Haya, anza kuchimba. Msingi wa binti yangu haujichimbi."