Springi za Mbio na Mgongo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Maisha mapya yameanza. Gari moja, kazi mbili: siku za kazi barabarani, Jumamosi kwenye uwanja wa mbio. Kinachokosekana ni springi za maana, na shokapu za kuzituliza zisidundedunde. Mwezi uliopita shemeji, kaka wa mke wangu, alinipita kwenye kona huku akinipungia mkono. Akinipungia! Gari langu lilikuwa limelala ubavu kama mtu aliyeshiba.

Mke wangu amekubali kwa sharti moja. Mama yake anaumwa mgongo, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki kila Alhamisi. Mama akiguna hata mara moja ndani ya gari, linauzwa. Mnunuzi yuko tayari: shemeji huyohuyo. Nimemwapia mke wangu kwamba springi zangu zitakuwa laini kuliko godoro.

Jumanne, 4 Juni

Gereji. Fundi amenishauri tuanze na bushi zilizochoka, vile vipira vya kwenye maungio ya chini, kisha springi za wastani, na shokapu zenye skrubu ya kukaza na kulegeza. Bushi! Nani amewahi kusifiwa kwa bushi? Nimechagua springi fupi na ngumu kuliko zote. Fundi akaonya kuwa hizo ni za mbio tupu, barabarani nitahisi kila kokoto. Nikamwambia afunge, pamoja na zile shokapu za skrubu.

Kisha akauliza uzito wangu. Eti anaweka mifuko ya mchanga yenye uzito huohuo kwenye kiti cha dereva, ndipo arekebishe kila springi gari likae sawa. Swali dogo tu. Ila shemeji alikuwa palepale, amekuja kubadilisha oili, masikio wima. Nikasema kilo sitini na nane. Ni kweli kabisa, kwa siku ya harusi yangu. Fundi akatazama kitambi changu, akauliza kama nina hakika. Nikamuuliza kama yeye ni fundi au daktari.

Jumatano, 5 Juni

Gari limependeza! Likiwa tupu. Nikiingia, linainamia upande wangu. Jirani ameuliza kama nina pancha. Nimemjibu kuwa huo ni mkao wa mbio. Tuta la getini nimelivuka kwa mlio uliowatoa watu ndani. Skrubu za shokapu nimezilegeza mpaka mwisho. Kokoto bado nazihisi mojamoja.

Alhamisi, 6 Juni

Kliniki. Mpango: mito mitatu, mwendo wa kinyonga, redio kwa sauti ya mwisho. Mama mkwe akaketi kando yangu. Ajabu! Gari likakaa sawa. Mama mkwe amejaaliwa mwili. Nilitaka kumkumbatia, heshima ikanizuia.

Tuta la kwanza, akaguna. Si kuguna, alinguruma. Nikazima redio, nikamwomba radhi, nikamsihi asimwambie binti yake. Akasema mdomo wake utafungika iwapo Jumamosi nitampeleka uwanjani, akae papo hapo alipo. Eti tangu azaliwe anaendeshwa kama mayai. Na mimi nilikuwa nawaza nitapata wapi mzigo wa kusawazisha gari! Nikajifanya nasita. Nina akili, jamani.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kavaa helmeti juu ya kitambaa. Kona ya kwanza, gari limetulia tuli. Kona ya pili, tukamkuta shemeji. Mama mkwe akashusha kioo, akamwamuru mwanawe apishe. Akapisha! Nikampungia kwa mikono yote miwili.

Usukani ukabaki peke yake. Kona ya tatu ina mabonde, na springi zangu hazikubali kuinama hata kidogo. Gari likarukaruka hadi kwenye nyasi. Shemeji, na springi zake za kiwandani, akapita taratibu. Mama mkwe akatoa mguno uliofika jukwaani. Jukwaani alikuwapo mke wangu. Shemeji ndiye aliyemwalika.

Mama mkwe alishuka ameshika kiuno. Hapo niliona aibu ya kweli. Mama wa watu, nimemrusha kama gunia. Yeye akamsihi binti yake asiuze gari, maana anataka kurudi Jumamosi ijayo. Mke wangu hakucheka. Amesema ikifika Ijumaa gari halijakaa sawa, au likilia kwenye tuta, funguo anapewa kaka yake.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi anasema jambo ni dogo. Nipande mizani, abadilishe springi, jioni moja kazi imekwisha. Mizani ilikuwa mlangoni. Shemeji naye alikuwa mlangoni, amekuja kukagua anachokiita gari lake.

Nimemweleza fundi kwamba uzito wangu hauna shida. Shida ni kiti. Kiti kizito mno! Nimempigia simu muuzaji wa viti vya mbio, vile vyembamba na vyepesi. Nimeagiza kimoja, kinafika Ijumaa asubuhi. Akaniuliza kipimo cha kiuno changu, tena kwa makini, kwani kiti hicho hakipanuliwi na hakirudishwi. Shemeji akasogea karibu.

Nikavuta tumbo ndani, nikamtajia inchi thelathini.