Nilivyojitoa Kwenye Grupu la Ukoo

Jumatatu, 3 Machi 2025. Segese.
Nimejitoa kwenye grupu la ukoo la Wasapu. Sababu ipo! Jana nilituma picha nimesimama juu ya tingatinga la bosi, mkono kiunoni. Kimya. Binamu yangu Abel akatuma picha ya mbuzi wake aliyezaa mapacha, ukoo mzima ukamwaga maua. Nishindwe na mbuzi! Sasa watanitafuta wenyewe. Wakiniomba nirudi, nitajivuta kidogo.

Jumatano, 5 Machi.
Hakuna aliyepiga. Kosa nimeligundua: simu yangu inapatikana, kwa hiyo hawana wasiwasi. Nimeizima. Mbinu safi. Nimeshinda karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nikiwaza wanavyohangaika.

Jumamosi, 8 Machi.
Vumilia muuza chai, mtu wa kwetu Maganzo, kanipa pole. Nikafurahi: habari za kupotea kwangu zimefika nyumbani! Kumbe ni pole ya msiba. Akashangaa nakunywa chai huku Shangazi Bernadina anazikwa leo. Shangazi aliyenilea! Nimekimbilia gari nikiwa na nguo za kazi.

Jumapili, 9 Machi. Maganzo.
Nilikuta udongo mbichi, watu wanakunja maturubai. Kaka Sostenes, msimamizi wa grupu, anasema taarifa zote zilikuwa humo, na simu yangu haikupatikana. Kwamba nimejitoa aliona. Alidhani nimebadili laini.

Noela, mjukuu aliyemuuguza Shangazi, akanipa simu nisikilize. Shangazi hakujua kusoma. Kila asubuhi alirekodi sauti na kuituma kwenye grupu.

“Maige mwanangu, picha yako nimeiona. Umependeza, baba. Mbona uko kimya? Kifua kinanibana. Njoo unione, hata mikono mitupu.”

Alikuwa ananiita mahali nisipokuwepo. Wote walisikia; ukimtoa Kaka, kila mmoja akadhani nami nasikia. Nimelia mpaka Noela akaichukua simu yake. Naumia sana.

Jumanne, 11 Machi.
Kaka kanirudisha kwenye grupu. Nikatuma picha nimeinama kaburini, na maneno mazito ya kumuaga Shangazi. Nimeyatunga mwenyewe! Kimya. Watu wanawashukuru wapishi wa msibani. Wapishi wamepewa maua tele.

Sawa. Nimejitoa tena, na simu naizima sasa hivi. Safari hii lazima mtu aniulizie. Aliyekuwa akiniulizia yuko chini, lakini ukoo wetu ni mkubwa. Atatokea mwingine.