Vigogo Wamefutwa, Methusela Kaachwa

Asubuhi hiyo kwenye benchi la kahawa la Shamila, pale Makutupora, Elieza alifika akaanza kabla hajaketi. Tunamwita Gazeti, maana habari haimpiti, iwe ya kweli iwe ya kupikwa.

"Jamani, Serikali imemwaga mtandaoni jalada lote la dawa feki za mizabibu! Kurasa mia nne!"

"Afadhali," akasema Priska, ambaye mizabibu yake ilikauka kwa dawa hizo. Huyu tunamwita Wakili. Alipiga chapa mahakamani miaka kumi, na tangu astaafu hajashindwa hoja. "Soma majina ya wezi."

Elieza akasogeza simu karibu na macho. "Aliyeingiza dawa ni ndugu... hapa wamepaka wino mweusi. Aliyepitisha kibali ni mheshimiwa... wino. Msambazaji ni kampuni ya... wino."

"Hilo ni jalada au masizi ya sufuria?"

"Tulia, Wakili, moja linaonekana! Mtoa taarifa: Methusela Malogo, mtunza ghala, mkazi wa Makutupora, namba ya simu..."

Akashusha simu. Wote tukamgeukia Methusela. Jina lake la kijiweni ni Kimya. Miaka miwili tuliapa mbele yake kwamba Makutupora haina mtu wa kuthubutu kusema, naye akapuliza kahawa yake tu.

"Kaka Methu, kumbe ni wewe?" Priska aliuliza.

"Waliniahidi hatajua mtu. Hata mke wangu Anna sijamwambia."

"Sasa wanajua mpaka mbuzi wa Chemba!" Elieza akatania.

Simu ya Methusela ikaita. Alisikiliza, kisha akaiweka benchini taratibu.

"Hakujitaja. Ila anajua ninapolala."

Elieza akavua kofia. "Nisamehe, kaka. Mdomo wangu hauna breki."

Priska hakungoja. Alipiga namba ya ofisi iliyowekwa chini ya jalada hilo mtandaoni, akafungulia sauti tusikie wote.

"Mmeanika jina na simu ya Methusela Malogo. Wameshaanza kumtisha. Liondoeni sasa hivi!"

"Mama," kijana wa ofisini akajibu kwa adabu zote, "taarifa za mashahidi ni siri. Siruhusiwi hata kukiri kwamba shahidi huyo yupo."

Shamila alicheka mpaka birika likamponyoka. Hata Methusela alitabasamu.

"Siri hiyo inasomwa Dodoma nzima, mwanangu!" Priska akamjibu.

"Andikeni barua, mama."

"Ninaileta kwa mkono."

Tulianzia polisi kuripoti kile kitisho. Huko Methusela aliongea kuliko miaka yote ya kijiweni. Kisha tukaenda ofisini, Priska mbele. Mkuu wao alisoma ule ukurasa, akafuta jasho, akaomba radhi. Kabla ya adhuhuri jalada lilikuwa limeshushwa, nasi tukaahidiwa askari wa kulinda nyumba ya Methusela.

Tulimrudisha Methusela kwake. Anna alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Jirani alishamsomea kila kitu.

"Mama, nilitaka kukuambia..."

"Miaka miwili nimelala na mwanaume shujaa, nikidhani ni mvivu wa kuongea!" Akampisha mlangoni. "Ingia ule. Wakija hao, mimi ndiye nitakayeongea."

Elieza akatunong'oneza tuondoke. "Hao wanaomtisha," alisema, "nawahurumia."