Mjukuu wa Fundi Simeo

Erasto wa Misima, kule Handeni, aliingia Korogwe na pikipiki yake nyekundu, akaketi kunywa chai mtaa wa Masuguru, na kabla andazi halijaisha alikuwa ameshapata jengo la kuuza. Wenzetu wakila andazi hupata kiungulia. Yeye hupata majengo.

Lilikuwa jumba la enzi za mkonge, kuta nene, bati limetoboka kama chujio.

"La nani lile, mama?" alimuuliza muuza chai.

"La wote. Harusi humo, misiba humo, watoto wanapimwa uzito humo. Alilijenga marehemu Fundi Simeo."

La wote! Kwa elimu ya Erasto, ambayo aliipata stendi, la wote maana yake halina mwenyewe. Muda si muda alikuwa barazani kwa Bibi Asnath, mwenyekiti wa kamati ya jumba, kapiga magoti, machozi yanamtiririka kwa ustadi mkubwa.

"Shikamoo bibi. Mimi ni mjukuu wa Fundi Simeo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jamani! Hata pua ni ya marehemu."

Erasto aliipapasa pua yake kwa heshima mpya. Akaeleza kwamba babu alimjia ndotoni, anataka jumba lirudi kwenye ukoo. Ukoo, yaani yeye. Na mnunuzi alikuwa keshampata sokoni: Bernardo, mfanyabiashara wa machungwa, aliyesema anatafuta ghala.

"Tutakukabidhi mbele ya watu," bibi akasema. "Ila hapa kwetu mjukuu akirudi, kwanza anaezeka. Tukukabidhi jumba linalovuja? Babu yako atatuonaje?"

Mjukuu gani atabishia bati la babu yake? Erasto akauza pikipiki, kitu pekee maishani alichokinunua kihalali. Iliuma, nasema kweli, iliuma. Akanunua mabati, mbao na misumari. Mafundi walipochelewa akapanda mwenyewe juu, akina mama wakimpigia vigelegele na kumletea makande.

Siku ya makabidhiano jumba lilijaa, Bernardo mstari wa mbele. Bibi Asnath akasimama, akamkabidhi Erasto fagio.

"Na funguo, bibi?"

"Za nini? Hili halifungwi. Si la wote?"

Erasto akapandwa na hasira mpaka akasema ukweli, jambo ambalo mwili wake haukulizoea. "Sikilizeni! Mimi si mjukuu wa Simeo! Nirudishieni mabati yangu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Tunajua, baba," bibi akasema. "Simeo hakuzaa. Wewe ni mjukuu wa tatu. Wa kwanza alitia sakafu, akatoroka. Wa pili alitia milango, akaoa hapahapa. Bernardo, simama mwenzako akuone."

Bernardo akasimama. "Pole, ndugu yangu. Mimi niliuza ng'ombe."

Erasto akaketi kwenye sakafu ya mjanja wa kwanza, akitazama milango ya wa pili. Nje mvua ikaanza kunyesha, na ndani halikudondoka hata tone. Akaona fahari kidogo, akajichukia sana.

"Sasa limebaki suala la choo," bibi akasema kwa upole. "Huko Handeni huna rafiki?"

Erasto akafuta machozi, ya kweli safari hii, akatoa simu.

"Haloo, Matayo? Aisee, kuna jengo huku Korogwe. Halina mwenyewe."