Nyatiti ya Wodi ya Kwanza

Jumatatu, 7 Machi 1966. Homa Bay.
Nimechoka kufunga vidonda. Bendeji, bendeji, hadi nanuka dawa kanisani. Lakini sasa nina ugunduzi: nyatiti, kinubi cha Kiluo, inaponya mgongo! Wiki nzima mwanamuziki Cephas amepiga nyuzi zake wodini kwangu, na wagonjwa wote wanasema wamepona. Nimemweleza daktari mkuu. Akikubali, nitakuwa msimamizi wa tiba ya muziki. Na kiti changu mwenyewe!
Sista Marcella wa wodi ya pili akauliza kama sikuchagua wale waliokuwa karibu kwenda nyumbani. Wivu.

Jumanne, 8 Machi.
Daktari amefurahi. Balaa! Anataka jaribio la haki: nusu wasikilize, nusu wasisikilize, wagawanywe kwa kura. Mzee Wangwe, aliyeletwa kutoka Kuria akiwa hawezi hata kuinama, akaangukia upande wa muziki. Nikamhamisha kimyakimya. Nafasi yake nimempa James, ambaye tangu Jumapili anajifulia nguo.

Jumatano, 9 Machi.
Cephas alipiga. Wasiotakiwa kusikiliza wakafungua madirisha. Nikayafunga. Wakatoka nje! Mzee Wangwe mbele, mkono kiunoni. Nikamsihi arudi kitandani.
"Mwanangu, kila siku natazama dari," akasema. "Leo kuna kitu cha kusikiliza, unanifukuza?"
Miguu inaniuma.

Alhamisi, 10 Machi.
Daktari aliuliza ni nani huwauliza wagonjwa hali zao. Mimi, nikajibu, birika la chai mkononi. Anayesema amepona huongezewa kikombe. Daktari akanitazama sana. Akamtuma Marcella awaulize upya, bila kuambiwa nani alisikiliza na nani hakusikiliza. Pande zote mbili, migongo ni ileile. Ila Mzee Wangwe alisema jana alimaliza ugali wake, mara ya kwanza tangu aletwe. Daktari akasema hilo ndilo la kuchunguza, polepole, na mtu mkweli. Cephas atabaki. Kazi kapewa Marcella.
Hata hakunicheka. "Pole, Bwana Barnabas," alisema. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 11 Machi.
Bendeji tangu asubuhi. Lakini kosa nimeliona: ni wagonjwa! Wanaharibu utafiti kwa kuumwa. Sasa naanzisha tiba ya kuchora, na nitaijaribu kwa wapishi wa hospitali. Wote wazima kama chuma. Hakuna hata mmoja atakayeshindwa kupona.